Kilimi cha Tatu

Whaupshaw, karibu na Hawick
Jumatano, 5 Novemba 1986

Rhona,

Nani alikutuma? Nijibu hilo kwanza, kabla hujaniuliza hali. Nani alikutuma uitoe kodiani ya babu yako chini ya ngazi, uipakie kwenye basi kama gunia la viazi, umpelekee yule fundi Mwitaliano wa Portobello aifungue tumbo? Mimi sikukutuma. Babu yako yuko kaburini tangu Februari, naye hakukutuma.

Usiniambie kifungo kilikuwa kinanasa. Kilinasa tangu wewe uko darasa la pili, na babu yako alikijua, alikuwa anakigusa kwa pembeni ya kidole. Usiniambie mvukuto ulikuwa unavuja pembeni. Mimi pia navuja pembeni, mbona hukunipeleka Portobello.

Nimenyamaza siku tatu tangu turudi kutoka tamasha la kodiani, maana nilijua nikifungua mdomo ndani ya basi watu wangeshuka njiani. Sasa nasema. Mtu wako ameinyoa sauti. Wewe ulikulia chini ya meza ya jikoni kwangu, unajua kodiani ile ilivyokuwa. Kila noti ina vilimi vitatu vya chuma vinavyolia pamoja. Kimoja kimenyooka, cha pili kimeshuka kidogo, cha tatu kimepandishwa, ndipo sauti inatetemeka. Hicho cha tatu babu yako alikikwangua mwenyewe, noti baada ya noti, ile baridi ya mwaka arobaini na saba theluji ilipotufungia ndani na kondoo wakafa mlimani. Alitumia tupa yangu ya kucha. Mama yako alikuwa na miaka sita, anamshikia taa. Mafundi wote walioiona baadaye walitaka kuinyoosha, naye aliwafukuza wote. Alisema sauti iliyonyooka ni ya watu wa redioni.

Sasa Jumapili alasiri napandishwa jukwaani, kipindi cha waliotutoka. Utaratibu unaujua: ala ya marehemu, wimbo mmoja, na mtu hapigi makofi. Ukumbi wa hoteli umejaa, watu waliolala pale siku mbili na kodiani zao chini ya vitanda, nusu yao wamecheza dansi kwa muziki wa mkono wa babu yako, Wat Laidlaw. Navuta mvukuto, inatoka sauti ya bati. Kavu. Kwenye noti za chini mambo yapo, nakiri. Nikipanda juu hakuna kitu, ni kama mtu ananong'ona nyuma ya mlango. Nikaucheza wimbo wake wa dansi ya walzi mpaka mwisho kwa sababu sikulelewa kuacha wimbo katikati. Watu wakainamisha vichwa. Dod Hislop, mwenyekiti wetu, ambaye hakulia hata siku ya kumzika mama yake, akatoa leso. Nikajua wananionea huruma. Mjane amepanda na kodiani iliyouawa.

Chuma kikishakwanguliwa hakirudi, Rhona. Babu yako hakuwa msemaji. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, sijui kama alinipa sentensi arobaini na tisa. Mambo yake yote aliyasema kwa kodiani ile, na akiwa na kosa la kuomba radhi alikaa kwenye kile kiti cha dirishani akacheza, mimi nikaelewa. Ndicho kilichokuwa kimebaki kwangu. Sasa nikiivuta namsikia mtu baki.

Andika. Usipige simu, siku hizi kwenye simu unanung'unika mpaka sikuelewi.

Bibi yako,
Effie Laidlaw

*

Leith
Jumapili, 9 Novemba 1986

Bibi yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu na sina la kujitetea. Niliichukua bila kukuuliza. Nilitaka upande jukwaani siku ile bila kupigana na kile kifungo, basi. Nilikosa.

Bwana Pieri huenda alikwangua kidogo. Sikuwapo alipokuwa anaifanyia kazi, nilimwachia nikaenda kazini. Kama ni lawama, ziwe zangu, yeye muache. Ni mzee, alifanya alichoambiwa.

Naomba unisamehe. Hata usiponisamehe mwaka huu nitaelewa.

Jumanne klabu yenu ya kodiani inakutana. Nenda, Bibi. Kama hutaki kucheza, usicheze, lakini usikae kule nyuma karibu na mlango wa jikoni kama kawaida yenu. Kaa mbele, karibu na jukwaa. Na ukipita mjini, mwone daktari akuangalie kile kifua. Wakati uko naye, mwambie akuangalie mwili wote, maana ukishafika umefika.

Nakupenda.
Rhona

*

Whaupshaw
Alhamisi, 13 Novemba 1986

Rhona,

"Huenda." Nimelikuta neno hilo kwenye barua yako nikaiweka chini nikaenda kulisha kuku ili nisiichome. Mtu anakwangua au hakwangui. Ulimwachia. Kodiani ya babu yako ukaiacha kwa mgeni ukaenda zako kushona mapazia ya watu. Mimi niliacha shule na miaka kumi na mitatu nikapelekwa shambani kung'oa mizizi ya tanipu, lakini hata mimi nilijua kitu gani huachi mikononi mwa mtu.

Klabu nilikwenda. Sikubeba kodiani. Tangu tuanzishe klabu ile mwaka sitini na tisa, babu yako, mimi na Dod na wengine watatu ambao sasa ni marehemu, sijawahi kupanda zile ngazi mikono mitupu. Kila mtu alicheza nyimbo zake tatu kama kawaida, wakafika jina langu, Dod akaja mezani akaniinamia akanung'unika kitu. Nikadhani ananiuliza kama nataka supu, nikamwambia ndiyo. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nimeacha kucheza moja kwa moja. Akaenda kwenye kipaza sauti akawaambia watu wote Effie amestaafu, na watu wakasimama wakanipigia makofi, mimi nikabaki na kijiko mkononi nasubiri supu.

Nilimsuta vizuri baadaye. Nikamwambia, mwanaume mzima, ongea kama mwanaume. Wote wananong'ona mwaka huu. Ukiwa mjane watu hupunguza sauti mbele yako kama vile wewe ndiye uliyekufa.

Mgeni wa usiku huo alikuwa binti kutoka Perth. Vidole vyake vizuri, vya haraka. Kodiani yake nayo kavu kama ubao. Nikawaza, sasa wote wananyoosha. Ugonjwa umeenea.

Nilikaa kule nyuma, kwenye kiti changu. Sihamishwi na barua.

Na kwa kuwa wewe unasema "huenda", nimemwandikia huyo Pieri mwenyewe. Nimemwita anavyostahili kuitwa. Nimemtaka aseme kwa mkono wake alitoa chuma kiasi gani, noti ipi na ipi, ili nijue nimebakiwa na nini.

Kifua changu hakina kitu.

Effie Laidlaw

*

Portobello
Jumatatu, 17 Novemba 1986

Kwa Bi. Laidlaw,

Barua yako nimeipokea. Katika ukurasa mmoja umeniita mwizi, kinyozi na mchinjaji. Mke wangu ameisoma kwa sauti dukani, akasema baada ya miaka thelathini hatimaye kuna mtu ananijua.

Nakujibu kama ulivyotaka, kwa mkono wangu. Chuma nilichotoa ni hakuna. Noti hakuna hata moja. Nilisafisha kifungo kimoja, nikaziba pembe ya mvukuto kwa ngozi, nikabadilisha kingozi kimoja kilichokauka upande wa besi. Basi.

Nilipoifungua nikaona ule upande wa kilimi cha tatu, nilijua si kazi ya fundi. Mikwaruzo ni midogo, ya mtu mwenye subira na asiye na chombo. Nilipima noti zote kwa mashine yangu, si kuzirekebisha, bali kwa sababu sijawahi kuona mtu akipandisha kilimi kwa namna ile, juu zaidi kadiri noti zinavyopanda. Vitabu vinasema usifanye hivyo. Niliicheza nikamwita mke wangu kutoka jikoni aje asikie. Vipimo niliviandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mfuniko wa nyuma. Fungua utaiona. Siku yoyote, kwa fundi yeyote, atakuta namba zile zile.

Jambo lingine ni dogo lakini barua yako inalikosea. Mjukuu wako hakuniachia. Alikaa kwenye stuli mbele yangu saa nne nzima, koti hajavua, na kabla sijashika bisibisi aliniapisha kwa jina la mama yangu kwamba sitagusa kilimi chochote. Mara mbili nilipoinua tupa kusafisha kifungo alinishika mkono.

Naipa pole nyumba yako. Mume wako sikumjua, ila kazi yake nimeiona.

Nello Pieri

*

Whaupshaw
Ijumaa, 21 Novemba 1986

Rhona,

Umenidanganya, na umenidanganya kwa maandishi.

Nimefungua mfuniko wa nyuma. Karatasi ipo. Sikuridhika na karatasi, namba haziniambii kitu. Nikamwita Dod Hislop jana asubuhi, nikamketisha jikoni, nikampa kodiani, nikamwambia cheza walzi ya Wat na upande nayo juu kabisa. Akacheza. Nikamuuliza, kilimi cha tatu kimo?

Akasema, "Kimo, Effie."

"Unakisikia?"

"Mpaka kwenye meno."

Nikamwambia arudie. Alirudia mara nne. Mara ya nne alikuwa analia, na mimi nimekaa naangalia vidole vyake vinavyokwenda juu, na huko juu kwangu hakuna mtu.

Dod akaweka kodiani chini. Nikaanza kumuuliza mengine. Birika langu siku hizi halipigi filimbi, nilimlaumu aliyeliuza. Dod akaliweka motoni, likachemka, akaziba masikio yake mwenyewe, mimi naona mvuke tu. Wale ndege wa mdomo mrefu hawakuja mlimani majira ya kuchipua, mwezi ule baada ya mazishi, nikasema wameuawa na dawa za shamba, nikamwandikia hata mwenye shamba barua ya matusi. Nikamuuliza Dod kama walikuja. Akasema walikuja, Effie, mwaka huu walikuwa wengi.

Kumbe hakuna aliyekuwa ananong'ona.

Sasa wewe utaniambia ukweli wa Jumapili ile. Wote. Ulijua au hukujua? Na wale watu walilia nini? Usinisitiri, mimi si mtoto wa kufunikwa blanketi usoni.

Effie Laidlaw

*

Leith
Jumatatu, 24 Novemba 1986

Bibi,

Nilijua tangu Jumamosi ya tamasha.

Asubuhi ile kwenye darasa la watu arobaini, mwalimu aliposema tusimame baada ya sehemu ya pili, tulisimama wote. Wewe uliendelea. Ulicheza sehemu ya tatu yote peke yako, macho yako kwenye vifungo, na hakuna aliyethubutu kukukatiza. Watu wakadhani ni maringo ya wakongwe. Mwanaume mmoja nyuma yangu alisema huyo ni mke wa Wat Laidlaw, mwache amalize. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, nilikuita mara tatu kwa jina. Hukugeuka. Niliwaza umechoka, umelala vibaya, kitanda cha hoteli. Nilijitafutia sababu mpaka chakula cha mchana, pale mhudumu alipokuuliza chai au kahawa na wewe ukamwambia sabini, ukidhani anauliza umri.

Kisha Jumapili.

Umeniomba nisikusitiri. Ulipovuta mvukuto kwa mara ya kwanza, yule mzee wa Selkirk aliyekuwa anaongea na mwenziwe safu ya mbele alinyamaza katikati ya neno. Ulipopanda juu, wale akina mama wa Langholm, wale watatu ambao Babu aliwachezea harusi zao, walishikana mikono. Haikuwa kavu, Bibi. Ilikuwa yeye. Ilitetemeka pale anapotetemeka yeye, hata ile noti moja inayochelewa kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Nilifumba macho nikaona jikoni kwenu. Dod hakutoa leso kwa ajili ya kukuhurumia. Ukumbi mzima ulimsikia Babu. Wewe peke yako ndiye hukumsikia.

Uliporudi kwenye kiti ukaniinamia sikioni uniambie siri. Ulisema, "Wameiua." Hukunong'ona, Bibi. Uliisema kama mtu anayeita mbwa kutoka mlimani. Watu wote waliisikia, katika ule ukimya ambamo mtu hapigi makofi. Hakuna aliyegeuka kukutazama. Walikuheshimu hivyo.

Njiani kwenye basi ulikuwa umeegemeza kichwa dirishani, na nikafikiri: akiamini ni fundi, au ni mimi, atakuwa na mtu wa kumkasirikia. Akishajua, atamkasirikia nani? Kosa langu ungenisuta mpaka Krismasi, kisha ungenitengea skonzi. Ndiyo maana nikaandika ile "huenda". Nilijua utaliona neno hilo. Sikujua utamwandikia Bwana Pieri.

Mwone daktari. Safari hii naandika wazi: masikio.

Rhona

*

Whaupshaw
Jumatano, 3 Desemba 1986

Rhona,

Daktari nimemwona. Amenipeleka kwa mwingine, kijana mwenye koti jeupe, akaniweka kwenye kijumba kidogo kama choo cha shule, akanifunika masikio, akaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa nangoja mlio. Nilipotoka akanionyesha karatasi yenye mstari unaoshuka kama mteremko wa mlima wetu. Akaniandikia maneno yake kwenye kibao ili tusipoteze muda. Sauti za juu zimeondoka, hazirudi. Za kati zinafuata pole pole. Za chini zitakaa muda, hawezi kusema muda gani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema miaka, Bi. Laidlaw.

Miaka. Kwa hiyo hata alipokuwa hai. Nimekaa na hilo siku tano ndiyo maana sikuandika. Babu yako mwaka wake wa mwisho alikuwa anacheza kila siku baada ya chai, na mimi nilikuwa nasema, Wat, mkono wako umekuwa mzito, hupandi juu kama zamani. Nilimwambia hivyo. Si mara moja. Naye aliniangalia, akacheza tena kwa nguvu zaidi. Sasa najua alikuwa anapanda. Najua alijua. Alikuwa anagonga mlango na mimi nikimlaumu kwamba hagongi.

Hilo ndilo. Sitaliandika tena.

Mashine ya sikio wamenipa. Kwa kuongea na mwenye duka inafaa. Nikiivaa mbele ya kodiani ni uma na vijiko kwenye ndoo, nimeitoa nimeiweka kwenye kikombe.

Bwana Pieri nimemwandikia. Sikuandika mengi, nimemwambia nilimwita majina matatu na nayachukua yote matatu. Nimemtumia keki ya matunda. Wewe sikuombi radhi kwa kukusuta, maana ulistahili: uliichukua bila kuniuliza, na ulinidanganya. Lakini ulikaa kwenye stuli saa nne ukamshika mtu mkono. Hilo nimeliona.

Sasa sikiliza, na usibishane na mimi.

Jumamosi panda basi la asubuhi uje uichukue kodiani. Hapa kwangu itakufa, nta itakauka, vilimi vitalegea. Isafiri imesimama kwa miguu yake, usiilaze, na usimruhusu dereva aitupe nyuma na mabegi. Ikae kwako, mbali na moto. Hakuna fundi atakayeinua tupa humo ndani nikiwa hai, wala nikifa. Jumanne ya tarehe tisa uirudishe Hawick uje nayo klabuni. Nimemwambia Dod afute jina langu aandike lako, nyimbo tatu kama kila mtu. Uliacha kucheza na miaka kumi na tano ukasema ni mambo ya wazee, basi sasa wazee wamekwisha. Utakosea. Kosea. Mimi nitakaa mbele, pale ulipotaka, na mkono wangu utakuwa kwenye ubao wa jukwaa, niupate mtetemo.

Na kila Jumapili, ukishakula na ukishaosha vyombo, keti uicheze walzi ya babu yako mara moja, mpaka mwisho. Kisha uiweke chini, uchukue kalamu, uniandikie ilivyolia. Usiniandikie "ililia vizuri, Bibi." Hiyo siitaki. Niandikie kilimi cha tatu kilianzia wapi kutetemeka, kilikwenda upesi au kilikuwa kizito, siku ya mvua kilikuwaje, na siku ambayo wewe una hasira kilikuwaje. Niandikie ile noti inayochelewa ilichelewa kiasi gani. Kama alikuwapo, sema alikuwapo. Kama hakuwapo, sema hakuwapo, na usithubutu kunidanganya tena. Andika herufi kubwa, macho bado ninayo.

Anza Jumapili hii.

Bibi yako,
Effie Laidlaw